Miguu Mia Mbili Ndani ya Kasha la Chuma

Kompyuta ambayo wewe ungeigeuza kigoda, Bi Bisibisi aliipangusa vumbi, akaiita mwanangu, akaiingiza ndani. Jina hilo alilipata kwa ile bisibisi ndogo iliyokaa kwenye nywele zake tangu asubuhi mpaka anapokwenda kulala. Mumewe alisema ipo siku itamtoboa shavu. Yeye alijibu kuwa mashavu anayo mawili, bisibisi nzuri ni moja.

Kompyuta hizi za zamani zina ugonjwa mmoja. Skrini hudumu, kibodi hudumu, ila diski kuu, yaani ile sahani inayozunguka ndani ya kasha la chuma na kutunza kila kitu, huchoka. Na mpya za aina ile hakuna anayezitengeneza tena. Mafundi wengine walitikisa vichwa na kumpa mteja pole. Bi Bisibisi alikuwa na dawa. Mahali pa diski kuu alifunga kiendeshi chenye mdomo, ambacho diski yake huchomekwa na kuchomolewa kama kipande cha mkate. Diski ikichoka unachomeka nyingine, na mashine inaendelea kula chumvi. Kila alipofanikiwa alipiga makofi peke yake, na majirani wa karakana walijua mwingine amefufuka.

Alikuwa na sheria moja tu, na aliwakaripia hata wateja kwa ajili yake: usiwashe mashine ikiwa na kitu mdomoni; iache iamke kwanza, ndipo uchomeke. Enzi za vile vidiski vyembamba, ukikisahau kimoja ndani, mashine ilijaribu kuamka kwa kukisoma hicho, ikakwama. Miaka thelathini aliishika sheria hiyo, na ilikuwa sheria nzuri.

Basi Jumatatu moja asubuhi kaka yake alipiga simu. Kaka huyu ni fundi viatu, lakini si wa kubandika soli. Yeye huwashonea watu ambao mguu wa kulia na wa kushoto haikupatana: mmoja mfupi, mwingine umepinda, mwingine ulivunjika ukaungwa vibaya. Vipimo vyote na michoro ya soli alivichora kwenye kompyuta iliyounganishwa na mashine ya kukatia ngozi, kazi ya miaka kumi na tisa. Siku hizi mikono yake inatetemeka. Kushona bado anaweza, kuchora upya hawezi.

"Dada, wiki ya tatu hii inakohoa tu, haiamki," alisema. "Ikifa kabisa, mimi nafunga duka."

Utauliza, hakuwa na nakala? Dada yake alimwambia awe nazo, mwaka hata mwaka, na kila mwaka alijibiwa kwamba mashine mbona nzima. Sasa muuguzi mmoja, mteja wa siku nyingi, alikuwa wiki ya tatu akizunguka wodini na kiatu kilicholika soli, mgongo unamuuma, kwa sababu mchoro wake ulikuwa ndani ya kasha lile na kasha lilikuwa limegoma.

Bi Bisibisi alifika na kiendeshi chake kwenye mfuko wa sokoni. Karakana ya kaka ilinuka gundi na ngozi, na rafu zilijaa kalibu za mbao, kila moja mguu wa mtu fulani. Aliwasha. Tik, tik, tik, kisha kimya. Sahani haikuzunguka. Kaka alikaa chini akasema la kuvunda halina ubani.

"Bado halijavunda," dada alimjibu, na sauti yake ilikuwa na furaha isiyokuwa na adabu mbele ya mgonjwa. Kusema kweli alikuwa anaufurahia mchezo. Alizima, akalitoa kasha, akalizungusha ghafla kiganjani kama mtu anayefungua kifuniko kigumu cha chupa, akalirudisha. Kiendeshi chake alikiunganisha kwenye waya uleule. Aliwasha tena, na safari hii kasha lilianza kuvuma. Alijua kwamba mzunguko huo huenda ukawa wa mwisho.

Orodha ya miguu ilipotokea kwenye skrini, alichomeka diski mdomoni mwa kiendeshi ili aanze kunakili. Kompyuta ikasema haioni kitu. Akaichomoa, akaichomeka. Haioni. Ndipo alipojipiga kofi la paja. Kompyuta ya kaka, tofauti na zile alizozizoea, huhesabu diski zake mara moja tu, inapoamka, na yeye, kwa sheria yake mwenyewe, aliiamsha mdomo ukiwa mtupu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kaka alishauri azime, awashe tena. Dada alimweleza taratibu kwamba wakikata umeme, kasha litasimama, na likisimama hakuna wa kuapa kuwa litazunguka tena. Kaka aliificha mikono yake kwapani.

Ilibaki njia moja. Kompyuta ile ilikuwa na kitufe cha kuiamsha upya bila kukata umeme. Akili inaanza mwanzo, sahani inaendelea kuzunguka. Lakini kitufe chenyewe kiling'oka zamani, kikabaki kitundu. Bisibisi ilikuwa nene. Alitafuta waya, akajaribu njiti, ikavunjika. Kaka akainuka, akachukua msharasi wake mwembamba kuliko yote, ule wa kutobolea ngozi laini, akampa.

"Huu haujawahi kukosea," alisema.

Diski ilikuwa tayari mdomoni. Dada aliuingiza msharasi, akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi. Wote wawili waliinamisha vichwa mpaka vikagusana, wakisikiliza: kasha lilikuwa linavuma bado. Kisha taa ya kiendeshi ikapepesa mara mbili, na Bi Bisibisi akamshika kaka yake begani kwa nguvu za kumwachia alama.

Kunakili kulichukua dakika arubaini. Katikati kasha lilikwama kwenye faili moja, likakwaruza, na fundi huyu asiyeogopa kitu alifumba macho. Likaendelea. Mstari ulipofika mwisho alizima, akang'oa diski kuu, akaacha kiendeshi peke yake, na kwa mara ya kwanza maishani aliwasha mashine ikiwa na diski mdomoni. Miguu mia mbili na kumi na miwili ilijipanga kwenye skrini. Alipiga makofi, akazunguka meza, akakanyaga gundi, akacheka.

Alipotulia alitaka kujua tu. Aliliunganisha kasha la zamani peke yake, akalipa umeme. Kimya. Akalizungusha kiganjani mara tatu, nne. Hata tik halikusema. Alimwambia kaka yake kwamba limekufa.

"Tungesubiri kesho je?" kaka aliuliza.

"Kesho ingekuwa hivi hivi."

Kaka alilipokea kasha, akalishika muda mrefu. Kisha akaliweka chini na kuchukua simu. Alikosea namba mara mbili, na dada yake, ambaye machozi yalikuwa yameshamtoka bila haya, hakumsaidia. Muuguzi alipopokea, kaka hakukumbuka hata kumsalimia.

"Njoo," alisema. "Mguu wako upo."