Simba Niliyemsomea Yasini

Paka dume akikojolea mlango wangu, pua yangu hunusa simba kwanza, paka baadaye. Na hapa Langoni, Lamu, paka ni wengi kuliko watu, kwa hiyo pigeni hesabu wenyewe ni mara ngapi kwa siku simba hunipitia. Watoto wangu wanasema mama kazeeka. Sijazeeka. Ni harufu moja tu iliyoniingia nikiwa na miaka tisa ikakataa kutoka, hata kwa udi, na udi nauchoma kila Ijumaa mpaka jirani anakohoa.

Nitawaambia ilivyoingia. Mimi shule sikukaa sana, nilitolewa mapema, lakini kichwa changu hakivuji. Kabla meno yangu ya mbele hayajamaliza kuota nilikuwa nimeishika sura ya Yasini yote kwa moyo, wala mwalimu wa chuo cha Kurani hakunichapa hata mara moja kwa kukosea. Kwa gumzo alinichapa, hilo silikatai.

Babangu alipotea nikiwa na miaka sita. Alikuwa na shamba la mahindi na simsim bara, ng'ambo ya maji, na mahindi yakikomaa alikuwa akikaa huko kufukuza nguruwe. Msimu huo hakurudi. Wanaume walimtafuta siku tatu, wakarejea na kikoi chake na kiatu kimoja. Walisema wameona nyayo za simba. Lakini nyayo za simba kule bara zilikuwepo siku zote, hata siku ambazo hakuliwa mtu. Damu hawakuiona. Mfupa hawakuuona.

Basi mji ukagawanyika. Nusu wakasema simba. Nusu wakasema babangu, Bakari, kavuka mpaka wa Somalia, kaoa Kismayu, maana kulikuwa na mvuvi mmoja wa Kizingitini aliyeapa kamwona huko sokoni akinunua nyama ya paja. Nyama ya paja! Hilo ndilo lililotuchoma, maana sisi alikuwa akituletea utumbo.

Chuoni alikuwepo msichana akiitwa Fatuma, ulimi wembe. Siku moja akanisimamia mbele ya wenzetu wote, mikono kiunoni. "Babako hakuliwa na simba," akasema. "Kaliwa na mke wa Kismayu." Wakacheka mpaka mwalimu akatoka nje. Nilimng'ata mkono ukatoa alama, lakini kumng'ata mtu si jibu, na mimi jibu sikuwa nalo.

Wala mama hakuwa nalo, kwa hiyo eda hakukaa. Eda ni ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane hukaa ndani, hajipambi, haendi harusini wala matembezini, na akiimaliza kila mtu anajua mume kafa na neno limekwisha. Wanawake wa mtaani walikuja kumsihi. "Bi Zena, kaa eda, dada. Mwenzio karejea kwa Mola wake." Mama aliwatilia kahawa, akawajibu bila kuinua uso kwenye kofia aliyokuwa akiishona: "Nionesheni hata ukucha wake, nami nitakaa leo leo." Wakanywa, wakaondoka. Na mlango ukigongwa, hata na mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi, mama alikuwa keshasimama kabla ya kujua kwamba kasimama.

Mimi nilikuwa na wivu wa kaburi. Msinicheke. Watoto waliofiwa na baba zao walikuwa wakienda makaburini Ijumaa na ami zao, wananyunyiza marashi, wanaweka majani ya mrehani, wanasoma Yasini, wanarudi na nyuso za watu wenye mali. Siku ya Idi watu wazima huwapapasa yatima kichwani, maana kuna thawabu. Mkono ukinifikia mimi ulikuwa unasita hewani. Mwenye mkono alikuwa anajiuliza: huyu ni yatima, au kaachwa tu? Kisha ule mkono ulikwenda kwa mwingine. Mpaka leo nautambua mkono unaosita.

Sasa, mjomba Omari, mdogo wake mama, alikuwa akifanya kazi Nairobi. Mkewe akajifungua, mama akaitwa kwenda kumlea mzazi mpaka atimize arobaini, na mimi nikachukuliwa kwa sababu hakuna aliyetaka kuachiwa mtoto anayeng'ata. Safari siielezi. Nilitapika njia nzima.

Jioni moja mjomba karudi kazini, kakaa, kavua viatu, akaniambia kwa mzaha, "Rukia, kesho nawapeleka bustani ya wanyama. Kuna simba wa kwenu kule. Katoka bara ya Lamu."

Mama alikuwa akikanda unga. Mikono yake ilisimama ndani ya sinia.

"Nani kakwambia?"

"Mtunzaji mwenyewe, dada. Kila mtu anajua."

Mama akarudi kwenye unga wake, akaukanda mpaka chapati zikatoka ngumu kama ngozi ya ngoma. Tulizila hivyo hivyo, hakuna aliyethubutu kusema.

Mimi kabla chapati ya kwanza haijaiva nilikuwa nimeshamaliza kufikiri. Babangu kaliwa na simba wa bara ya Lamu. Simba wa bara ya Lamu yuko Nairobi. Basi babangu yuko Nairobi. Kaburi ninalo! Lina miguu minne na mkia, lakini ninalo. Kama bara ina simba wangapi, hilo sikujiuliza. Asubuhi nikaiba kichupa cha marashi ambacho mama alikiweka kwa ajili ya arobaini ya mtoto, nikakitia kifuani ndani ya gauni.

Wajukuu huniuliza, bibi, uliwaona twiga? Nawaambia walikuwepo, walikuwa warefu. Ukweli sikumwona mnyama yeyote. Watu walikuwa wengi, watoto wanatupa njugu, nyani wanapiga kelele, mjomba anatuonesha hiki na kile, mimi nimekibana kichupa kwa kwapa natembea kama mtu aliyevunjika mbavu. Mama naye alikuwa mbele yetu, anatembea upesi, yeye ambaye mji ule haujui. Kisha ikatupiga ile harufu. Mkojo wa paka dume, lakini paka wa ukubwa wa punda.

Mbele palikuwa na reli ya chuma, urefu wa kiuno cha mtu mzima. Baada ya reli, hatua mbili za mchanga. Baada ya mchanga, wavu mnene, na nyuma ya wavu yeye mwenyewe, kalala ubavu, nywele za shingoni zimechakaa kama mkeka wa miaka. Mama alisimama, kashika buibui lake chini ya kidevu, akamtazama. Nimemwona mama akitazama watu wengi kwa hasira na kwa huruma. Vile sijamwona akimtazama mtu, seuze mnyama.

Kando alikuwa amesimama mtunzaji, mtu wa makamo, na ndoo yake ya maji. Mama akamsogelea.

"Samahani, bwana. Huyu kweli katoka Lamu?"

"Ndiyo, mama. Ni wa huko kwenu."

"Yumo humu tangu lini?"

"Huyu? Keshatimiza miaka kumi humu. Aliletwa mdogo kabisa, wa kubebwa kwa kikapu."

"Ahsante, bwana," mama akasema.

Maneno haya yote niliyasikia, na nimeyakariri miaka yote bila kuangusha hata moja. Lakini akili yangu ilikuwa chini ya reli, ambako palikuwa na upenyo wa kutosha mtoto mwembamba, na mimi nilikuwa ufito.

Nikapita.

Nilikifungua kichupa kwa meno. Nikanyunyiza, mara ya kwanza yakaishia mchangani, mara ya pili yakapenya wavu yakamfika puani. Simba akafungua jicho moja. Nikakaa chini kama wakaavyo watu makaburini, nikapiga bismillahi, nikaanza Yasini yangu.

Akainuka. Simba hainuki mara moja kama mbuzi. Aliinuka kipande kipande, mabega kwanza, kisha mgongo, kisha yale makalio, na kila kipande kilinionesha kwamba mimi ni mdogo. Akakunja mdomo wa juu, nikaona jino la manjano refu kama kidole changu. Akaja. Nilikuwa aya ya pili. Akaja tena. Aya ya tatu. Pumzi yake ilinifika usoni, ya moto, inanuka nyama ya jana. Sikukimbia, na msidhani ni ushujaa. Miguu ilikuwa imekufa, kilichobaki hai ni ulimi. Nyuma yangu mwanamke akapiga ukelele. Mtunzaji anafoka, "Toka! Wewe mtoto, toka hapo!" Mjomba anaita, "Rukia! Njoo! Njoo huku!" na sauti yake imekuwa nyembamba kama ya msichana. Nilikuwa aya ya tano simba alipoupiga wavu kwa mkono. Wavu wote ulikuja mbele, ukarudi. Mchanga ukaniingia machoni. Nilijikojolea. Nasema wazi, mimi sifichi.

Kisha nikanyakuliwa. Mama, ambaye Lamu haendi hata nyumba ya pili bila kujitanda, alikuwa kairuka ile reli, buibui limenasa nyuma linaning'inia, kichwa wazi, nywele zote nje mbele ya wanaume wa Nairobi. Alinishika kwapani akanirusha upande wa pili kama kifurushi, naye akafuata, simba anaunguruma mpaka chuma cha reli kinatetemeka mkononi.

Mjomba alikuwa majivu. "Una wazimu? Una wazimu, wewe? Wataka kumuua mamako?" Mkono wake alikuwa keshaunyanyua.

"Sijamaliza!" nikalia. "Baba yumo mle! Sijamaliza kumsomea!"

Mkono wa mjomba ulishuka wenyewe, akamtazama mama kama mtu aliyekumbuka ghafla mzaha wake. Mtunzaji alitutazama mmoja mmoja, mimi, mama, simba. Akaelewa. Akafungua kinywa. "Lakini mama, huyu simba hawezi..."

"Nyamaza, bwana," mama akasema. "Tafadhali."

Alimwambia hivyo mwanamume asiyemjua, yeye kichwa wazi vile vile, mbele ya umati. Na yule mtu akanyamaza.

Mama akalichukua buibui lake kwenye reli, akalikung'uta, akajitanda taratibu kama aliye nyumbani. Akachutama, akanifuta uso kwa pindo.

"Umefika wapi?"

"Aya ya tano."

"Rudi mwanzo. Usome hapa, upande huu. Soma watu wasikie."

Nikasoma. Aya themanini na tatu, gauni limelowa, watu wametuzunguka na njugu zao mikononi. Wengine waliondoka, wengine walibaki. Simba alikwenda na kurudi, akachoka, akalala. Mtunzaji, ambaye si wa dini yetu, alivua kofia akaishika tumboni. Mama kainua viganja mpaka mwisho, na nilipomaliza, "Amina" yake ilikuwa na sauti kuliko yangu.

Tuliporudi Lamu, kesho yake mama akakaa eda. Wanawake wakaja mbio. "Bi Zena, nani kakuonesha ukucha?" Mama akajibu, "Mwanangu kamzuru babake." Hakuongeza neno, siku ile wala maisha yake yote. Idi iliyofuata mikono haikusita. Fatuma mwenyewe alinifuata chuoni kuniuliza meno yalikuwa marefu kiasi gani, nami nikamwonesha, nikayaongeza kidogo.

Hadithi hii nimeisimulia zaidi ya miaka hamsini, kifua mbele. Mwezi uliopita nilikuwa namsimulia mjukuu wangu Salma, ana miaka tisa, wa kwanza darasani kila muhula, mjue akili kaitoa wapi. Nilipofika kwa mtunzaji na ile miaka kumi ya simba, akainua penseli.

"Bibi, wewe ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa, kama wewe."

"Basi simba alifungwa kabla hujazaliwa. Babako hakumla yeye."

Nilitaka kumwita mjuaji. Zaidi ya miaka hamsini, jamani, na sikuwahi kuziweka hizo hesabu mbili pamoja.

Lakini mama aliziweka. Mama alikuwa akishona kofia za mkono, anahesabu matobo mamia kwa mamia bila kuandika, na tobo moja likikosewa anafumua kofia nzima. Kutoa tisa kwenye kumi kungemshinda? Swali aliliuliza yeye mwenyewe, na jibu lilimfika kabla mimi sijainama chini ya ile reli. Alikuwa amesimama pale akijua kwamba hana ushahidi wowote, kwamba mumewe huenda yu hai, ananunua nyama mahali. Ndipo akanisikia nikilia kwamba sijamaliza. Akamnyamazisha mtu pekee aliyejua, akarudi Lamu, akajifungia miezi minne na siku kumi kwa ajili ya mume ambaye moyo wake ulikuwa haujamzika, ili mimi niwe yatima nisiwe mtoto aliyeachwa.

Salma alikuwa bado ananitazama, penseli mkononi.

"Sasa bibi, babako alikwenda wapi?"

"Babangu alikufa," nikamwambia. "Mama alimkalia eda."