Daktari Anamlaumu Mama wa Watu, Kumbe Kichwa Kibovu ni Changu

(Msomaji wetu wa Turkana ameomba jina lake tulifiche, nasi tumelificha. Maneno ni yake mwenyewe.)

Mhariri, salamu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, Mturkana wa hapa Kakuma, mke wa mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Kitale. Kazi yangu ni kutafsiri kwenye zahanati ya misheni. Daktari huja na ndege ndogo kila mwezi. Kiturkana hajui, na Kiswahili chake ni cha kuombea maji tu. Mgonjwa anasema na mimi, mimi nasema na daktari. Sasa sikieni aibu yangu: mimi mtafsiri sisikii. Masikio ninayo, mazima kabisa. Ni kichwa ndicho hakikai.

Kilianza zamani. Baba alinipa mbuzi nichunge, nikarudi na fimbo tu. Emuron, mganga wetu wa kienyeji, akachinja mbuzi akanipaka taka za utumbo mwili mzima, ati kichwa kitulie. Wiki hiyo hiyo nikapoteza wengine. Shuleni sista akasema, "Binti, akili unayo, makalio ya kukalia benchi ndiyo huna." Leo hii nikiweka maharagwe motoni, jirani ndiye hunusa kwanza. Mume wangu huuliza, "Wewe mwanamke, kichwa chako umekiacha wapi leo?" Watu wanacheka, nami nacheka nao. Halafu najifungia jikoni nalia, maana najitahidi jamani, wallahi najitahidi kuliko wao wote.

Mwezi uliopita akaja mama mmoja amebeba mtoto mwenye homa na kifua. Daktari akaniambia, "Uliza yeye, mtoto alipata sindano mbele?"

Nikauliza. Sasa kwetu mtu haparamii jibu. Utaambiwa kwanza walihama kutoka Kalokol, kisima gani kilikauka, ngamia wa nani alifia njiani, na jibu utalikuta humo humo katikati. Mama akaanza safari yake. Mimi macho kwake, natikisa kichwa, "ee, ee." Mara nikakumbuka sijui kama niliutoa moto chini ya sufuria. Nikaona kama mume wangu amesimama mlangoni kwetu, nikaanza kumjibu humo kichwani, tukagombana vizuri tu. Akili iliporudi, mama amemaliza, ananitazama.

"Anasema nini?" daktari akauliza.

Ningesema, "Mama, rudia." Maneno mawili tu! Lakini asubuhi ile nilikuwa nimeshawaomba wagonjwa warudie mara kadhaa, na daktari alikuwa amenikazia macho. Nikaona haya. Nikajibu, "Anasema hajapata sindano."

Mtoto akadungwa. Haukupita muda uso ukavimba, midomo ikageuka rangi, pumzi ikawa ya kuvuta kwa taabu. Daktari alihangaika na dawa nyingine, sista wa zahanati ameshika miguu, mama anapiga kelele, mimi nimeganda ukutani. Mungu ni mkubwa, mtoto akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Daktari akanigeukia jasho likimtoka. "Uliza yeye, kwa nini hakusema?"

Nikamuuliza. Mama akanishangaa. "Si nilikwambia, mwanangu? Nilisema Lodwar walimdunga akavimba hivi hivi."

Wasomaji, hapa ndipo ninapotaka ardhi inimeze. Nilimgeukia daktari nikasema, "Anasema alisahau."

Daktari akamkemea yule mama, na yale makemeo nikayatafsiri mimi, neno kwa neno, siku hiyo kichwa kikakaa sawasawa! Mama akainama. "Mwambie anisamehe," akasema. "Labda nilisema vibaya."

Baadaye nilimsikia daktari akimweleza sista, kwa Kiswahili chake hicho hicho, kwamba huko kwao kuna watoto ambao akili zao hazitulii, si utundu wala laana, na wengine hupewa vidonge wakatulia. Nikamkimbilia. Nikamuuliza, "Na mtu mzima, daktari? Nina dada yangu yuko hivyo." Akafikiri. "Watu wazima sijui sana. Lakini lete yeye. Aniambie yote, hata ile mbaya. Kama yeye ficha, mimi siwezi saidia."

Mnaona nilivyonaswa? Dawa, kama ipo, iko nyuma ya neno lile lile ninaloogopa kulisema. Nikisema, kazi imekwenda, na mume wangu atatajwa sokoni. Nisiposema, nitakaa tena kwenye kile kiti, na siku nyingine mtoto hatalia.

Ningeendelea kunyamaza, mwoga mimi. Lakini juzi yule mama amekuja kwangu na kibuyu cha maziwa, ati ahsante kwa kumwombea msamaha. Pale zahanati wanawake wanamwita Msahaulifu, na mama mkwe wake hamwachii tena mtoto peke yake. Akakaa chini, akanishika mkono.

"Mwanangu," akasema, "hivi siku ile nilikwambia, au sikukwambia? Nakumbuka nilisema. Lakini wote wanasema sikusema, basi ni kichwa changu kimeharibika. Ndege ikija, nitarudi. Niulizie kwa daktari, kuna dawa ya kusahau?"

Nikajibu, "Nitakuulizia." Ndivyo nilivyojibu, na maziwa yake nikayapokea.

Ndege inakuja juma lijalo. Atakaa hapa, daktari pale, mimi katikati. Ninyi mnaonisoma, mama zangu, baba zangu, nipeni hilo neno la kwanza, maana langu silipati: nilianze kwa daktari, au nilianze kwa mama yule?