Mwanafunzi Niliyemwandikia Kasoro ya Ubongo

Neno lenyewe sitaliandika hapa. Ni neno la kawaida la nyumbani, na lilikuwa katika ukurasa wa tano wa kitabu cha kisomo.

Wakati huo nilikuwa mtunza stoo ya vipuri katika shamba la ngano la serikali, upande wa Hanang. Jioni, trekta zikirudi, nilifundisha kisomo cha watu wazima kwenye banda la magunia. Mimi ni mtu wa Maretadu, mgeni kwa mila za Wabarabaig, niliishia darasa la saba, mengine nilijisomea. Nilikuwa nimepata kitabu chakavu kuhusu ubongo, nikakinakili karibu chote. Kilieleza kwamba mtu akiumia kichwa anaweza kupoteza maneno fulani, mengine yakabaki.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa mama wa Kibarabaig kutoka Getanuwas. Kijiji kilitaka kumpeleka kwenye mafunzo ya mhudumu wa afya, mradi nithibitishe kwamba anajua kusoma. Alisoma vizuri, lakini akilifikia neno lile alinyamaza, au aliweka neno jingine la kwao. Vipindi vinne, neno lile lile.

"Mama, umewahi kuanguka ukagonga kichwa?"

"Mwalimu, nani amechunga ng'ombe asianguke?"

"Waulize na ng'ombe wenyewe!" akadakia mwenzake. Banda zima likacheka. Mimi nikaandika daftarini: ameanguka.

Kipindi cha tano nilimsimamisha mbele, nikaligonga neno kwa fimbo ubaoni mara tatu. Akafunika mdomo kwa shuka, akatazama chini. Kesho yake nilimpelekea mwenyekiti wa kijiji barua: ana kasoro ya ubongo, hafai kwa mafunzo.

Jumamosi bibi mmoja wa darasa langu alinifuata stoo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwalimu, mke wako anamwita baba yako kwa jina?"

"Hapana."

"Basi. Neno lako la ubaoni ni kama jina la baba mkwe wake. Kwetu mwanamke halitamki, hata akiwa peke yake porini."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulidhani unajua. Tulidhani unamkomesha."

Kikao cha kuteua kilikuwa Jumatatu. Nilikuwa na siku mbili, na nyumba ya mwenyekiti ilikuwa mwendo wa nusu saa. Ningelazimika kumwambia kwamba nilimhukumu huyu mama kwa kitabu cha ubongo, bila kumuuliza mwenyewe kwa nini halitamki neno lile. Sikwenda. Wakateua mwingine.

Tangu hapo nimesoma zaidi. Nimesoma kwamba hofu huziba kumbukumbu, na kwamba mwanafunzi akilitoa jibu mwenyewe, kwa mkono au kwa mchoro, hulishika zaidi kuliko akirudia la mwalimu. Ni kweli, na nimefundisha hivyo miaka mingi. Lakini siku zile mbili sikukosa elimu.

Jumanne ile, siku moja baada ya kikao, nilikwenda kwake. Nilimkuta zizini, nikamweleza yote, pamoja na Jumamosi na Jumapili. Aliokota kijiti, akaliandika neno kwenye vumbi, herufi zote mahali pake, safi kuliko zangu za ubaoni.

"Kilichokatazwa ni mdomo," akasema. "Ungeniambia niandike."

Nikamwomba arudi darasani. Akalifuta neno kwa kisigino, akaenda kumfungulia ndama.