Picha ya Upepo

Nywele zetu hazipeperuki. Upepo ukizipiga zinakaa pale pale zilipo, na mimi sijawahi kuona ubaya wake. Lakini miaka ile ya utawala wa wanajeshi kila msichana wa Kampala aliyeweza kulipia picha alitaka aonekane kama wale wanawake wa kwenye majarida ya Ulaya, nywele zimeruka nyuma utadhani anakimbizwa na mbwa. Wateja waliiita picha ya upepo. Kazi yangu ilikuwa kuleta huo upepo.

Studio ilikuwa Old Kampala, hatua chache kutoka nyumbani kwetu. Sisi ni Waislamu wa pale siku nyingi. Babu yake baba alikuja na wafanyabiashara kutoka pwani, akaoa, akasahau kurudi. Mwenye studio alikuwa Mhindi mmoja mzee, mkali kama pilipili, aliyeniajiri nifagie, akaishia kunifundisha kila kitu kwa sababu hakupenda kurudia neno mara mbili na mimi sikupenda kuambiwa mara mbili. Wahindi walipofukuzwa aliondoka na sanduku moja. Duka akapewa sajini ambaye hakujua kamera inachunguliwa upande gani. Akaniuliza kama kazi naiweza, nikamwambia naiweza, tangu siku hiyo akawa anapita Jumamosi tu kuchukua chake.

Basi nikawa mpiga picha, na nilikuwa hodari, sioni haya kusema. Picha ya upepo si kuwasha feni tu. Kwanza mteja avae wigi, nami nalibana kwa pini kwenye paji la uso na juu ya masikio mpaka alalamike, huku nyuma naliacha huru. Feni naiweka chini, juu ya kreti ya soda, upande wa kushoto, iangalie juu kidogo. Namba moja hairushi kitu. Namba tatu inaondoka na wigi na heshima ya mtu. Kwa hiyo ni namba mbili, na pazia la nyuma nalifunga matofali miguuni lisije likacheza. Halafu namwambia asifumbe macho. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa.

Ndipo redio ikatangaza kwamba mawigi ni marufuku. Sketi fupi zilikuwa zimeshakatazwa, sasa ikawa zamu ya vichwa. Wanawake walivuliwa wigi barabarani mchana kweupe, wengine wakapigwa. Mtu mwenye akili angefunga ile kazi. Mimi niliendelea, kwa wale ninaowafahamu tu, mlango umefungwa kwa ndani. Sikuwa shujaa. Nilikuwa mkaidi, na nilichoka kuambiwa nifanye nini na watu wasiojua kusoma.

Rafiki yangu alikuja Jumatatu moja asubuhi na kapu la mboga. Tulisoma darasa moja, yeye akawa karani wa taipu katika ofisi moja ya serikali, akipanga chumba Katwe. Chini ya mafungu ya dodo, mchicha wa kwetu, alikuwa amelificha wigi, limekunjwa ndani ya gazeti, lina harufu ya majani. Mchumba wake alikuwa amekimbilia Nairobi baada ya kaka yake kuchukuliwa kazini na askari, asirudi. Sasa mchumba alikuwa amemwandikia kwamba amepata chumba huko, na yeye amfuate. Nafasi ya rafiki yangu ya kuvuka ilikuwa Jumamosi, ndani ya lori la mtu wanayemwamini. Kabla ya hapo alitaka picha imtangulie, dereva mwingine angeipeleka kesho yake, Jumanne.

"Asije akasahau sura yangu," alisema.

"Kwa hiyo unampelekea sura ya mwingine? Atakufungulia mlango aseme, nnyabo, bibi wa watu, umepotea njia."

Tulicheka. Nilimbana pini, akanitukana kwa Kiganda, tukacheka tena. Nilipokuwa tayari akanigeukia, hacheki.

"Dada, usiniweke kwenye kioo."

Alimaanisha lile kasha la kioo lililokuwa nje ya mlango, ambamo kila studio huweka picha zake bora ili wapita njia wavutike. Nikamwambia nani atamweka kwenye kioo na pua hiyo. Akasema anasema kweli. Nikasema nami nimesikia.

Jioni niliisafisha ile picha kwenye chumba cha giza. Ilipoanza kutokea ndani ya beseni niliinama niione vizuri. Macho wazi, kidevu juu, nywele zimekwenda zote upande mmoja, na uso umetulia kama wa mtu ambaye ameshafika anakokwenda. Kwa miaka yote ya kazi sikuwahi kupiga picha kama ile, na sikupiga nyingine baadaye. Yeye aliagiza moja. Nilisafisha mbili.

Ya pili nilikaa nayo siku moja. Jumatano nikaiweka kwenye kasha. Nilijiambia siku tatu tu, Jumamosi yeye atakuwa ng'ambo ya mpaka, na nani anaangalia vioo siku hizi, watu wanatembea wameinamisha vichwa. Hayo niliyasema, lakini ukweli ni kwamba nilitaka isifiwe. Yule mzee wa Kihindi hakuwahi kunisifu hata siku moja, na pale hapakuwa na mtu mwingine wa kuniambia nimefanya vizuri. Ni kiherehere changu tu. Nimejaribu kukipa jina zuri zaidi, sikulipata.

Alhamisi adhuhuri waliingia wanaume wawili, mashati ya maua, miwani myeusi, viatu vyenye soli nene. Kila mtu Kampala alijua mavazi hayo ni ya makachero wa serikali. Mmoja alikuwa ameshafungua kasha, ameshika picha.

"Huyu nani?"

"Sijui, afande. Hiyo picha ya zamani, Mhindi aliiacha."

"Anakaa wapi?"

"Wallahi sijui."

Nilisema bila sauti kutetemeka, na nilidhani nimemweza. Yeye akaigeuza picha. Nyuma, kwa penseli, palikuwa na namba. Naweka namba kila picha. Ndivyo nilivyofundishwa, na siku ile nilipoisafisha mkono uliandika wenyewe. Akaangalia namba, akaangalia meza, akavuta droo. Ndani yake bahasha zangu zimepangwa kwa namba, hata moja haijapinda, kila moja ina jina la mteja na makao yake kwa mwandiko alionifundisha baba. Haikumchukua muda. Namba ile ile, jina, Katwe, nyuma ya karakana ya masanduku ya bati. Alikuwa na akili, na hilo linaniuma mpaka leo. Ningependa kusema alikuwa mjinga.

"Mwandiko mzuri," akaniambia. "Wigi ni haramu. Tutamfundisha sheria." Lakini jinsi alivyoitazama ile picha haikuwa habari ya sheria. Walichukua bahasha pamoja na filamu iliyokuwa ndani, na ile picha, wakatoka.

Nilifunga duka nikateremka Katwe kwa miguu, nakimbia pale ambapo hakuna askari, natembea pale walipo. Wao walikuwa na gari. Nilipofika, wafua bati walikuwa wamesimama na nyundo mikononi, hakuna anayegonga, na Katwe ukisikia kimya ujue kuna jambo. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Mwanamke jirani alinitazama akatikisa kichwa. Walikuwa wamemkuta anafunga mizigo.

Jumamosi lori liliondoka bila yeye.

Baada ya wiki mbili mama yake alikuja studio. Alikuwa muuza samaki wa Ggaba, nguo zake zina harufu ya moshi. Alipiga magoti sakafuni kunisalimu, mtu wa rika la mama yangu, nikamshika mabega ainuke, akakataa. Alikuwa amezunguka kambi zote na milango ya magereza. Kila mahali wanamuuliza alikuwa anafananaje, naye anasema mrefu kiasi, maji ya kunde, wanamwambia wako wengi wa namna hiyo. Akasikia mwanawe alipiga picha kwangu. Picha ile moja ilikuwa imeshavuka mpaka, na chumbani wale wanaume hawakuacha kitu.

Sikumwambia kuhusu kioo. Alikufa miaka mingi baadaye na sikuwa nimemwambia.

Nikaingia chumba cha giza. Picha ya upepo haipatikani mara ya kwanza. Pigo la kwanza la kamera siku zote linaharibika, feni inaleta nywele mbele kabla hazijajua njia, na kipande chake cha filamu nakiweka pembeni kwenye kopo, si kwenye bahasha, kwa ajili ya kujaribia dawa za kusafishia. Cha kwake kilikuwepo. Nilimsafishia picha kubwa kadiri karatasi ilivyoruhusu, nikaikausha, nikamtolea.

Aliishika kwa ncha za vidole, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Palionekana kidevu, nusu ya mdomo unaocheka, na shingo. Kwingine kote ni nywele. Aliitazama muda mrefu, akapitisha kidole gumba taratibu juu ya karatasi, kutoka kwenye paji la uso kwenda pembeni, akarudia tena, kama mtu anayemtengeneza mtoto aende shule. Halafu akaniinulia macho. Alikuwa amesikia kwamba sisi watu wa studio tunajua kuondoa makovu na chunusi.

"Mwanangu," aliniuliza, "huwezi kumwondolea hizi nywele usoni?"

Nikamwambia siwezi.