Fundi Kobe na sikio la mkewe

Saa moja asubuhi, miguu miwili imechomoza chini ya vani kuukuu ya kusambazia mkate. Pembeni, juu ya kigoda, ameketi mwanamke mwenye tepu ya kupimia shingoni. Ameinamisha kichwa na kufumba macho. Usipoambiwa, utadhani anasali.

"Inalia?" sauti inauliza kutoka chini ya gari.

"Inalia. Endelea."

Mwenye miguu ni fundi magari wa makamo, anayejulikana mtaani kwa jina la Fundi Kobe. Mwenye tepu ni mkewe, mshonaji, ambaye cherehani yake iko chumba cha pili, ukuta mmoja na gereji. Kila mume anapokabili bolti iliyoshikwa na kutu, mke huacha nguo za wateja na kuja kusikiliza.

Fundi anajitokeza, vumbi la kutu limemjaa kwenye nyusi, na kueleza kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. "Bolti ya kutu ikilia, ujue inazunguka. Ikinyamaza halafu mkono ukaona raha, hiyo haifunguki, inakatika. Raha ya ghafla ni msiba."

Shida ni kwamba yeye mwenyewe hasikii tena kilio hicho. Miaka mingi ya kugonga vyuma ndani ya chumba cha bati imelimaliza sikio la kulia. La kushoto, anasema, limebaki la kusikilizia honi. Mwaka jana bolti zilimkatikia mfululizo, wateja wakaanza kunong'ona kwamba fundi amezeeka, na baadhi wakahama. Zilikuwapo wiki ambazo nyumba iliendeshwa na cherehani peke yake.

"Siku moja nilimletea chai," mkewe anakumbuka. "Nikasikia chuma kinalia, kinalia, kisha kimya. Nikamwambia, baba watoto, mbona kimenyamaza? Hakunisikia mimi wala hakukisikia chuma. Mara ta! Nusu ikabaki ndani, nusu mkononi. Akanitazama kama mtoto aliyevunja sahani. Nilimhurumia sana."

Siku hiyohiyo kigoda kikahamia gereji.

Vani ya leo ni ya shemeji yake fundi, mdogo wake mkewe, na mkate inaoubeba ndio unaolisha nyumba ya shemeji huyo. Springi ya nyuma imevunjika. Bolti nyingine zote zimeshatoka; imebaki moja, nayo ndiyo yenye mkosi. Nati yake imechomelewa ndani ya chesisi, ule mhimili unaobeba gari zima, na tangi la mafuta liko jirani, kwa hiyo moto wa gesi wa kuilegeza hauwezi kusogezwa hapo. Bolti ikikatikia humo, itabidi chesisi ikatwe. Kwa umri wa gari hili, fundi anasema, itakuwa safari ya kwenda kuuzwa chuma chakavu.

Shemeji mtu hana subira. Jana, fundi na mkewe walipokwenda kula, alichomeka bomba refu kwenye spana na kuning'inia kwa uzito wake wote. Bolti haikusogea, ila kichwa chake kimeanza kuwa mviringo.

"Shemeji, kobe halisi angekuwa ameshafika," anatania leo.

"Kobe halisi hana shemeji wa kumharibia bolti," fundi anamjibu.

Fundi hafichi mbinu zake. Anasugua kutu kwa brashi ya waya, anamwagia mafuta mepesi na kuiacha bolti ilale. Asubuhi anaigonga kichwani kwa nyundo ndogo ili mafuta yapenye. Kisha anaikaza kidogo, kabla ya kuifungua. Kutu ikishaachia upande huo, ndipo anapoigeuza, akiisogeza mbele kidogo na kuirudisha nyuma kidogo.

Anarudi chini. Spana inashika. Chuma kinalia, kinalia, kisha mke anafumbua macho.

"Acha!"

Hasikii. Mke anapiga ubavu wa gari kwa kiganja, na mkono wa fundi unasimama papo hapo.

"Imenyamaza?"

"Imenyamaza. Rudisha."

Anarudisha, anaongeza mafuta, wanasubiri. Shemeji ameshika kichwa, utani wote umemwisha. Wanapojaribu tena, kilio kinarudi, kirefu, cha kukera meno, na mke anaanza kucheka hata bolti haijatoka. Inatoka nzima, imeliwa na kutu, ina rangi ya tofali. Shemeji anaipokea kwa mikono miwili, kisha anaenda nyuma ya gari kufuta macho.

Daktari amesema kifaa cha masikioni kinaweza kumsaidia fundi, na wawili hao wanadunduliza. Je, kikipatikana, mama atapumzika kazi ya kusikiliza?

Fundi anachungulia chumba cha pili, ambako cherehani imeshaanza kukimbia.

"Bolti ataendelea kunisikilizia, hakuna anayemshinda," anasema. "Kifaa nakitaka nimsikie yeye. Ananisikilizia vyuma kutwa, na maneno yake mwenyewe nayapata nusu."