Harufu ya petroli kila nikijaza tanki: ilibidi nitafute mtu wa kukaa siti ya nyuma

Wakuu, salaam.

Hii sikusimuliwa na mtu, imenikuta mwenyewe, na gari lenyewe liko hapo nje nalitazama dirishani huku naandika. Mwenye kubisha abishe, hata mie ni mbishi.

Naishi Gongo la Mboto, peke yangu. Kazi naifanyia kwenye laptop chumbani, kwa hiyo gari linatoka mara chache.

Kama wengi wenu, naweka mafuta kwa hela, sio kwa lita. Kidogo leo, kidogo wiki ijayo. Tangu nilinunue sikuwahi kulijaza.

Sasa mama yangu alikuwa anakuja kutoka Singida kucheki afya. Ana pumu. Jumamosi nimpokee stendi ya Mbezi, halafu nimzungushe hospitali. Nikaona nijaze full tank mapema, tusihangaike njiani.

Nilivyotoka sheli, kona ya kwanza tu, petroli ikanijaa puani.

Nikisimama nikafungua milango ninuse, hamna kitu. Nikiendesha, kona mbili tatu, inarudi.

Mama hupanda nyuma siku zote, anajilaza kwa sababu miguu inamvimba. Moshi wa jiko la mkaa tu unambana kifua. Kwa harufu ile nisingempandisha.

Fundi wa kwanza, Mikocheni, alisema ni kile kikopo cha mkaa kinachonasa mvuke wa petroli, nibadilishe. Wa pili, Massawe wa huku kwetu, akasema huenda ni nozeli, zile zinazopuliza mafuta kwenye injini. Wote niliwauliza swali moja: umejuaje?

Wa kwanza alinuna. Massawe akacheka.

"Braza, sijajua, nabahatisha. Ukitaka kujua, funga vioo, endesha, mtu akae nyuma anuse. Akikuonyesha inapotokea, niletee."

Nilimwamini kwa sababu alikubali kwamba hajui. Ila alikuwa na foleni ya magari, yeye asingeweza kutoka.

Mtu akae nyuma. Hapo ndo ishu ilipoanza.

Nilikaa kitandani nikapitia majina kwenye simu. Wa chuo wametawanyika, tunatakiana heri ya birthday basi. Wa kazini nawajua kwa kamera tu. Kuna majina sikukumbuka kabisa ni ya nani. Nikafika herufi ya mwisho sijampigia mtu.

Nikafikiria kuuliza humu, nikacheka mwenyewe. Ushauri mngenipa kurasa tatu, lakini nani angekuja kunusa?

Nikaenda dukani kwa jirani, Mama Nasra. Ni Mwarabu wa hapa hapa, mtu mzima, duka lao lilikuwepo kabla mtaa haujapata lami. Namnunuliaga mkate tangu nihamie, na maongezi yetu yalikuwa shikamoo na "nipe mmoja".

Nikamweleza shida yangu, na kwamba mie nahisi inatokea kwenye buti. Akaniangalia.

"Yaani toka uhamie hujanipa lifti hata moja, leo unanipandisha ninuse?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Ngoja nifunge duka."

Tukazunguka mitaa ya ndani, vioo juu. Nilikuwa namwona kwenye kioo, anahama kushoto, anahama kulia, anainamia siti kama mtu aliyedondosha hereni. Baadaye akanigonga begani.

"Acha kuhangaika na buti. Inapanda hapa hapa nilipokalia."

Massawe alipunguza mafuta kwenye tanki, akang'oa siti. Chini yake kuna kifuniko, na chini ya kifuniko ndo kuna kichwa cha pampu ya mafuta. Vumbi kavu kila mahali, isipokuwa mduara mmoja umelowa kuizunguka pampu.

Aliyewahi kubadilisha ile pampu alirudishia mpira wa zamani wa kuziba pale, ulishavimba na kulegea. Tanki likiwa nusu, mafuta hayaufikii. Likijaa, kila kona yanapiga pale juu na kuvuja. Yaani huu mtindo wetu wa kuweka kidogo kidogo ndo ulioficha ugonjwa muda wote.

Akaweka mpira mpya. Nikajaza tena full tank, maana bila kujaribu siamini kitu, nikarudi kwa Mama Nasra kama nilivyomwahidi.

Safari hii duka lilikuwa limeshafungwa. Kasimama nje na mkoba wake.

Tukazunguka. Nikamuuliza kama anasikia harufu.

"Sisikii."

Nikaanza kugeuza turudi.

"Zunguka tena," akasema.

"Kwani kuna kitu?"

"Hamna. Wewe zunguka tu."

Nikazunguka. Tukatokea Pugu Road, akanionyesha nyumba alimomzalia Nasra, ambaye siku hizi yuko Muscat na anapiga simu siku za Idi.

Jumamosi mama alilala siti ya nyuma toka Mbezi, vioo juu, kifua kimetulia. Tulipokaribia nyumbani akaamka, akavuta hewa. Nikashtuka.

"Huku kunanukia udi kwa mbali," akasema. "Nani anakaaga huku?"

"Jirani yangu," nikamjibu. Nilikuwa sijawahi kulitamka hilo neno nikimaanisha mtu.

Nilichojifunza: harufu ikija tanki likijaa tu, msikubali kubadilishiwa vifaa kwa kubahatisha. Anzeni na mpira wa pampu. Msifungue wenyewe tanki likiwa limejaa, na sigara ikae mbali kabisa.

Na muwe na mtu wa kumkalisha nyuma. Dereva peke yake hajui gari lake lote.

Nyie siti zenu za nyuma mara ya mwisho alikaa nani? Semeni, nipo nasoma. Mie leo jioni nawapeleka Mama Nasra na mama yangu kuzunguka.