Miche ya Parachichi Mbele ya Kituo

Mtaalamu wa mipango alipandishwa kwetu kwa gari jeupe, akaja kutufundisha kuwaza. Ndivyo mwenyekiti wa kituo chetu cha vijana alivyomtambulisha. Eti mtaa unabadilika, wageni wananunua viwanja barabara yote ya kwenda Magamba, nyumba za kulala wageni zinaota kila kona, na kituo kisipowaza mapema kitaachwa nyuma. Mimi nilikuwa nafundisha wasichana ushonaji katika chumba cha nyuma cha kituo hicho. Nilikuwa nawaza mashati ya shule, maana Januari ilikaribia na wazazi walishaleta vitambaa. Tukaambiwa tufunike cherehani, tuje tuwaze.

Haya, tukawaza. Tuligawiwa vikaratasi vya rangi, kila mtu aandike ndoto yake. Mmoja wa wasichana wangu akaandika kwamba anataka pasi ya pili. Mtaalamu akatabasamu, lile tabasamu la kumchekea mtoto, akamwambia awaze makubwa. Aliyewaza makubwa ni mwenyekiti. Chumba cha useremala kiwe mgahawa wa kahawa, cha ushonaji kiwe duka la kuwauzia wageni vinyago. Vinyago, sisi ambao hatujawahi kuchonga kinyago. Ushonaji wenyewe uhamie wapi, hakuna kikaratasi kilichosema. Mwenyekiti ni mzaliwa wa hapahapa. Alikaa Dar es Salaam mpaka akastaafu, akarudi na koti la suti na Kiswahili cha mikutano. Kishambaa anakielewa vizuri sana, ila hujifanya kimemtoka.

Kisha akatangaza kwamba mpango utazinduliwa kwa kupanda miche ya parachichi mbele ya kituo, wapiga picha wakiwepo. Hapo nikanyoosha mkono.

Ardhi ile si ya kituo. Ni ya bibi mjane mwenye nyumba iliyo juu yake kidogo. Alituazima zamani, tukajenga kwa msaragambo, kila nyumba ikitoa mtu wa kubeba mawe na mbao za kutoka Shume. Na huku milimani hata mtoto anayechunga mbuzi anajua hili: shamba la kuazimwa utalima maharage, utalima kabichi, hata kibanda utajenga, maana kibanda hubomolewa. Mti wa kudumu hupandi. Ukiupanda umetangaza kwamba shamba ni lako, na mwenyewe umemdharau mchana kweupe. Nikayasema yote hayo, na mtaalamu akanisikiliza kwa makini mno. Akachukua kikaratasi cha njano, akaandika "mila", akakibandika chini ya neno "Vikwazo". Mwenyekiti akaongeza kwamba bibi ni mtu mzima, atafurahia kivuli.

Siku ya siku wakapanda. Wakubwa walilishika jembe kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa mwenzake aliyelowa. Bibi alikuwa amesimama juu, kwenye uzio wake wa majani ya masale, anatazama. Hakuna aliyepanda kwenda kumwamkia. Watu wazima, wasomi, wakala pilau chini ya nyumba ya mama aliyewapa ardhi, wakaondoka bila hata shikamoo. Niliona aibu mpaka chakula kikanishinda.

Asubuhi yake bibi aliteremka, akatuita mimi na mwenyekiti. Hakugomba. Alimwambia mwenyekiti ang'oe miche yake, yaishe. Yaani kazi ya kuinama mara chache na neno moja la kuomba radhi, na chumba changu kingebaki kimesimama. Na yule bwana, kwa Kiswahili chake kile, akajibu kwamba miche imeshaingia kwenye ripoti, haiwezi kung'olewa. Bibi akamwangalia viatu, halafu uso.

"Mwanangu," akasema, "basi ng'oeni nyumba."

Wazee wa mtaa walikaa, na hawakuchukua muda. Mjane na shamba lake, nani angemnyima haki? Tukabomoa kwa msaragambo, watu walewale waliojenga, wakishusha bati moja moja. Wasichana wangu walibeba cherehani kichwani. Mwenyekiti hakuonekana. Alikuwa na semina Tanga, ya kueleza jinsi kituo chetu kilivyojipangia maisha ya baadaye. Ningekuwa na mate ya kutosha ningetema.

Bibi alikuwa ameshaing'oa miche mwenyewe, taratibu, pamoja na udongo wake, akaiweka kivulini na kuimwagilia. Kiwanja kilipobaki kitupu aliteremka na jembe, akaipanda upya, mche kwa mche, katika mashimo yaleyale. Safari hii aliyepanda ni mwenye shamba. Imeshika yote.

Mwenyekiti alirudi na mgeni mwingine wa kumwonyesha maendeleo. Akasimama barabarani, akaitazama ile miche iliyonyooka vizuri, akaomba apige picha. Bibi akamruhusu. Alikaa pale mlangoni kwake, akamwacha apige mpaka atosheke.

Siku hizi tunashonea jikoni kwangu, mimi na wasichana wawili waliobaki. Wengine wameacha, na yule aliyetaka pasi anaosha mashuka nyumba ya wageni. Tunapokea sketi za bluu na kubana nguo za mitumba. Mashati meupe ya shule, yaliyokuwa yanatulisha, hatushoni tena; tunawarudishia wazazi vitambaa vyao, maana moshi wa kuni huyageuza kuwa ya njano kabla hatujayatia vifungo.